Mstari Mmoja

Mwezi wa saba, Iyunga. Saa kumi na mbili na nusu
ukungu bado umelalia reli ya TAZARA
nami nimevaa sweta mbili chini ya koti jeupe
la kuazima kwa binamu anayefundisha kemia;
mfukoni lina doa la wino ambalo si langu.

Nilikuja na madaftari matatu ya famakolojia.
Nilidhani wiki ya kwanza nitashika dawa.
Nilishika vifuniko.
Vifuniko vya chupa za mililita mia,
elfu nne kwa siku, hata usiku nikifumba macho
vinaniangukia kama mvua ya mawe ya Uporoto.

Wiki ya pili nikapandishwa cheo: lebo.
Wiki ya tatu: kipimajoto.

Bi Tupokigwe wa idara ya ubora
akisema nawe hatazami uso, anatazama mikono.
"Kucha." Nikazikata.
"Bangili." Nikaivua.
"Na penseli hiyo irudishe chuoni, mwanangu.
Hapa hatufuti."

Fundi Ngailo huusikiliza mtambo wa kujazia
kama mtu anayesikiliza tumbo la ng'ombe,
kichwa upande, kofia ya nailoni imemkaa vibaya.
"Namba sita inakohoa," atasema, akinikonyeza,
na kweli, mdomo wa sita unapunja mililita mbili.
Mtihani wa kitu hicho sijawahi kuuona.

Kazi yangu: kila baada ya saa mbili, chumba cha baridi.
Soma, andika, tia sahihi.
Jumanne ile maandazi ya Mama Sekela yalikuwa ya moto,
nje manyunyu, vidole vimekufa ganzi.
Saa nne nikaandika nyuzi tano
bila kufungua mlango.
Nani angebisha? Mbeya nzima ilikuwa jokofu.

Saa sita nikafungua.
Kumi na tatu.
Feni kimya, na mbele yake, rafu kwa rafu,
matone ya macho ya watoto, maboksi arobaini na mawili.
Swali lililoulizwa lilikuwa moja: tangu lini?
Karatasi ikajibu: saa nne palikuwa salama.
Ilijibu kwa mwandiko wangu mzuri.

Ningeweza kunyamaza.
Nilinyamaza, kusema kweli, kama dakika ishirini,
nikipanga lebo ambazo zilikwisha kupangwa.
Kilichoniinua hakikuwa ushujaa.
Nilimkumbuka mama, kule Tukuyu,
asiyemwamini daktari wala mganga,
anaamini kile kikaratasi kilichokunjwa ndani ya boksi;
hutusomesha chote, hadi sanduku la posta la kiwanda,
ndipo anakubali kufungua chupa.

Bi Tupokigwe hakufoka. Alinisogezea kalamu.
"Piga mstari. Mmoja tu, tano yako isomeke.
Pembeni andika kilichotokea.
Tarehe. Jina lako lote."

Nikaandika: *Sikufungua mlango.*
Maneno mawili. Nimewahi kumaliza insha
kwa muda mfupi zaidi.

Maboksi yakaenda kwenye tanuru.
Ngailo aliyasukuma kwa toroli, gurudumu moja linalia,
akapita mbele yangu bila kukonyeza.

Mwalimu wa chuo alikuja siku moja, na haraka zake.
"Umejifunza nini?"
"Uhakiki wa ubora."
Akaandika hivyo hivyo, akaomba chai.

Agosti nikashuka Tukuyu. Mdogo wangu Ambwene
jicho limemvimba, mama ameshika boksi jipya.
"Wewe sasa ni mtu wa viwandani. Soma."
Nikasoma: jina, kipimo, madhara,
nikasoma: *hifadhi kati ya nyuzi mbili na nane*.

"Mbona umeishia hapo?" akauliza mama.
"Endelea. Anwani bado."